Kihispania: jinsi ya kusema "nataka uje"

Watu wengi wakifika kwenye sura ya vitabu vya Kihispania iitwayo subjuntivo hukata tamaa. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, ambao lugha yao imebakiza kidogo sana ya umbo hili. Wewe unayesema Kiswahili unalitumia kila siku. Unasema "anakuja", lakini "nataka aje". Unasema "wanasoma", lakini "ili wasome". Ile -e ya mwisho ndiyo subjuntivo. Kiganda nacho kinayo: sokoni Jinja au Mbale utasikia "njagala ogende", nataka uende.

Nani anaihitaji? Kwanza, waongoza watalii: wale wa mashua za mpira kwenye Mto Nile pale Jinja, na wale wanaowapeleka wageni Maporomoko ya Sipi kutoka Mbale. Pili, wenye ndugu waliohamia Marekani, ambako katika sehemu nyingi za kazi wenzao husema Kihispania. Hapa tuseme wazi: kujua Kihispania hakumpandishi mtu kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Huduma hiyo ya UNHCR hailipiwi, na mkimbizi hachagui nchi. Mtu akikutoza pesa za kozi ya lugha kwa ahadi ya safari, usimpe.

Jinsi ya kuunda kitenzi

Anza na umbo la "mimi" la wakati uliopo, ondoa -o ya mwisho, kisha badilisha irabu. Vitenzi vya -ar vinachukua e, karibu sawa na Kiswahili: canta ni "anaimba", cante ni "aimbe". Vya -er na -ir vinachukua a: come ni "anakula", coma ni "ale".

Kwa hablar, kusema: hable (niseme), hables (useme), hable (aseme), hablemos (tuseme), hablen (mseme au waseme). Kwa comer, kula: coma, comas, coma, comamos, coman. Vivir, kuishi, hufuata comer: viva, vivas, viva, vivamos, vivan. Hispania wana umbo jingine la "ninyi", yaani habléis, comáis, viváis. Nchi za Amerika hutumia hablen tu, na Hispania pia utaeleweka ukilitumia, kwa hiyo anza na hilo.

Kwa nini tuanze na umbo la "mimi"? Kwa sababu linabeba mabadiliko yake: tengo (nina) hutoa tenga, vengo (ninakuja) hutoa venga, hago (ninafanya) hutoa haga, digo (ninasema) hutoa diga. Vitenzi sita havifuati njia hii na inabidi kuvikariri: ser hutoa sea, estar hutoa esté, ir hutoa vaya, haber hutoa haya, saber hutoa sepa, dar hutoa dé. Kumbuka h haisomwi kabisa, na j husomwa karibu na kh ya Kiarabu.

Mahali ambapo Kiswahili kinakuongoza

"Nataka uje" ni quiero que vengas. "Mwambie angoje" ni dile que espere. "Ni lazima usaini" ni es necesario que firme. "Ili watoto wasome" ni para que los niños estudien. "Mungu akubariki" ni Dios te bendiga. Tofauti kubwa ni lile neno que, ambalo katika sentensi nyingi za namna hii halikosekani.

Amri ya kukataza pia inafanana. Kiswahili kinasema "nenda" lakini "usiende". Kihispania kinasema ve lakini no vayas. Na kwa heshima, usimwambie mgeni ven. Sema venga, kana kwamba unamwambia "bwana aje". Waliosoma Kifaransa Kongo watalinganisha na vous, lakini hapa kitenzi ni cha "yeye".

Kwenye maji, amri hizi ni usalama wa watu. Remen: pigeni kasia. Agárrense de la cuerda: shikeni kamba. No se suelten: msiachie. Jihadhari na no se paren. Kwa mtu wa Mexico maana yake ni "msisimame wima". Kwa mtu wa Hispania ni "msiache kusonga". Katikati ya maji makali huo si wakati wa kubishana juu ya lahaja. Tumia no se levanten, ambayo wote wanaielewa kuwa ni msiinuke.

Kule Sipi njia ikiwa na tope: tenga cuidado, uwe mwangalifu. Na mawingu yakitanda: es mejor que bajemos antes de que llueva, afadhali tushuke kabla mvua haijanyesha.

Mahali ambapo Kiswahili kinakupoteza

Kosa la kwanza ni "nataka niende". Mtaani tunasema hivyo bila shida, lakini kwa Kihispania, ikiwa anayetaka na anayekwenda ni mtu mmoja, sema quiero ir, "nataka kwenda". Usiseme quiero que yo vaya.

La pili ni swali. "Nifungue mlango?" kwa Kihispania ni ¿abro la puerta?, wakati uliopo wa kawaida.

La tatu ndilo gumu zaidi. Kuna mahali ambapo Kiswahili hakina -e lakini Kihispania kinaitaka. "Ukifika, nipigie simu" ni cuando llegues, llámame, kwa sababu bado hujafika. "Kila nikifika nyumbani, nakula" ni cuando llego a casa, como, kwa kuwa ni mazoea. "Nadhani anakuja" ni creo que viene, lakini "sidhani kama anakuja" ni no creo que venga. "Natumaini utafika salama" ni espero que llegues bien, na hapo hata Kifaransa hakikusaidii, maana chenyewe hutumia wakati ujao.

Neno moja litawafurahisha wanaosoma Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Mbale: ojalá. Lilitoka kwenye Kiarabu cha Andalusia, likiwa na maana ya "Mungu akipenda", hivyo ni ndugu wa inshallah yetu. Daima hufuatwa na subjuntivo. Ojalá llueva: laiti mvua inyeshe. Ojalá nos veamos pronto: Mungu akijalia, tuonane karibuni.