Tanga na Kaya: Kazi ya Sufu kama Msingi wa Ubaharia wa Zama za Waviking

Kwa desturi, historia ya Zama za Waviking huanzishwa mwaka 793, pale washambuliaji kutoka Skandinavia walipoivamia monasteri ya Lindisfarne katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, na hufungwa katikati ya karne ya 11. Katika masimulizi mengi ya kipindi hicho, meli ndiyo mhusika mkuu. Husifiwa mkuku wake, mbao zake zilizopandiana kingo na kufungwa kwa misumari ya chuma, na wepesi wake uliomwezesha baharia kupanda mito na kutua ufukweni pasipo gati. Sifa hizo ni za kweli. Hata hivyo, zinamtanguliza seremala na nahodha na kumsahau mtu wa tatu, ambaye bila kazi yake meli isingevuka bahari kuu: msokotaji wa sufu. Makala haya yanadai kwamba tanga ndilo lililounganisha maisha ya nyumbani na safari za mbali, na kwamba historia ya ubaharia wa Waviking haikamiliki bila historia ya kaya.

Tanga lilichelewa kufika Skandinavia. Meli ya Nydam, iliyojengwa mapema katika karne ya 4 na kupatikana kusini mwa Jutland, iliendeshwa kwa makasia peke yake, ingawa Warumi walikuwa wakitumia matanga kwa karne nyingi. Meli ya Oseberg ya Norwei, iliyojengwa karibu na mwaka 820, ilikuwa na mlingoti pamoja na nafasi za jozi 15 za makasia. Badiliko hilo halikuwa la ufundi wa mbao pekee. Meli ya makasia ilihitaji mikono ya wapigaji kasia wakati wa safari. Meli ya tanga ilihitaji, kabla ya safari, mikono mingine mingi ambayo haikupanda melini kamwe.

Ukubwa wa mahitaji hayo unaonekana katika meli zilizofukuliwa mwaka 1962 kutoka ghuba ya Roskilde, Denmaki. Mojawapo, meli ndefu ya vita yenye urefu wa takriban mita 30, ilijengwa Dublin karibu na mwaka 1042. Mfano wake uliojengwa upya ulisafiri kutoka Roskilde hadi Dublin mwaka 2007, ukiwa na tanga lenye zaidi ya mita za mraba 100. Katika Zama za Waviking kila uzi wa tanga la namna hiyo ulisokotwa kwa mkono. Kondoo wa kaskazini walikuwa na sufu ya tabaka mbili: nywele ndefu za nje, ngumu na zenye kustahimili maji, zilifaa kwa nyuzi za mtande, sufu laini ya ndani ilifaa kwa mshindio. Kitambaa kilifumwa kwa vipande katika kitanda cha mfumi kilichosimama wima, nyuzi zikivutwa chini kwa vizito vya mawe au udongo. Kisha vipande viliunganishwa na kupakwa mafuta ili kuzuia upepo usipenye. Kusokota kulichukua muda mrefu kuliko kufuma, hivyo mfumaji mmoja alitegemea wasokotaji kadhaa.

Swali linalofuata ni la mamlaka: nani aliikusanya kazi hiyo yote? Ottar, mwenyeji wa Norwei ya kaskazini aliyemtembelea Mfalme Alfred wa Wessex mwishoni mwa karne ya 9, alihesabiwa kuwa miongoni mwa wakuu wa nchi yake. Lakini kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa na ng'ombe 20, kondoo 20 na nguruwe 20 tu. Ni vigumu kuona jinsi kondoo 20 wangetosheleza tanga la meli kubwa. Utajiri wa Ottar ulitokana hasa na kodi aliyotozwa Msami: ngozi, manyoya ya ndege, na kamba za meli zilizotengenezwa kwa ngozi ya wanyama wa baharini. Chombo cha mkuu mmoja, kwa hiyo, kilibeba jasho la kaya nyingi.

Ushahidi wa makaburi unaelekeza kazi ya nyuzi kwa wanawake. Kaburi la Oseberg, lililofungwa mwaka 834 na kufukuliwa mwaka 1904, lilikuwa la wanawake wawili, waliozikwa ndani ya meli pamoja na vifaa vya kufumia. Lakini si wanawake wote waliofanya kazi hiyo kwa hiari. Kumbukumbu za Ulster zinaeleza kwamba mwaka 821 washambuliaji walipora Howth, karibu na Dublin, na kuchukua wanawake wengi. Hazisemi mateka hao walipewa kazi gani. Hata hivyo, jamii iliyohitaji mikono mingi ya kusokota ilikuwa na sababu ya kuiteka. Kwa mantiki hiyo, tanga lililetwa na kazi, nalo likaleta watumwa wa kuongeza kazi.

Hoja hii inathibitishwa na ncha ya mbali kabisa ya safari hizo. Huko L'Anse aux Meadows, Newfoundland, ambako miti ilikatwa na wasafiri hao mwaka 1021, kilipatikana kizito kidogo cha jiwe cha kijiti cha kusokotea. Baada ya kuvuka Atlantiki, watu bado walihitaji uzi, kwani nguo na tanga vilichakaa njiani.

Kwa hiyo, kuitenga meli na nyumba ni kuisoma nusu ya ushahidi. Panga na mlingoti vimepewa nafasi kubwa katika maandiko; kizito cha kusokotea, kilicho kidogo kiasi cha kuenea kiganjani, kinastahili kuwekwa kando yake.