Mashine Yenye Majina Mawili

Plastiki yake imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Juu kuna tundu la katriji, mbele kuna trei ya sidii na kioo chembamba cha kuonyesha maandishi. Pedi yake ni ileile ya Super Famicom ya Nintendo, na vitufe vyake vinne vya rangi viko upande wa kulia. Ila katikati, mahali ambapo macho yanatafuta jina la Nintendo, pameandikwa Sony PlayStation. Kwa aliyekulia kwenye vibanda vya PS, hiyo ni sawa na kukuta nembo ya Yanga kwenye jezi ya Simba.

Lakini kabla ya ugomvi wa Sony na Nintendo palikuwa na urafiki. Mhandisi wa Sony, Ken Kutaragi, ndiye aliyebuni chipu ya sauti ya Super Famicom, na kazi hiyo aliianza bila wakubwa wake kujua. Mwaka 1988 kampuni hizo mbili zikakubaliana: Sony itengeneze kifaa cha kuchezea sidii cha kuunganishwa na mashine ya Nintendo, na pia iuze mashine yake yenyewe inayopokea katriji na diski kwa pamoja. Hiyo ya pili ndiyo hii ya manjano.

Nongwa ilikuwa ndani ya mkataba. Nintendo ilikuwa ikineemeka kwa katriji, kwani kila aliyetaka kuuza gemu alipita mlangoni kwake na kulipa. Kwenye diski, mkataba uliiachia Sony ufunguo wa mlango huo. Rais wa Nintendo, Hiroshi Yamauchi, hakuwa mtu wa kugawana ufunguo. Badala ya kurudi mezani na Sony, aliwatuma kimyakimya mkwewe Minoru Arakawa na mwanasheria Howard Lincoln waende Uholanzi kuzungumza na Philips.

Juni 1991, kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki mjini Chicago, Sony iliitangaza Play Station yake. Kesho yake Nintendo ikapanda jukwaani na kutangaza kwamba mshirika wake wa sidii ni Philips. Kitumbua kikaingia mchanga hadharani, mbele ya waandishi wa habari. Mimi naona jambo lililowauma Sony zaidi si kuachwa, ni kuachwa mbele za watu. Rais wao, Norio Ohga, alighadhibika, na Kutaragi akapata nafasi ya kutengeneza mashine isiyoitegemea Nintendo kwa lolote. Ilitoka Japani tarehe 3 Desemba 1994 na ikauzwa zaidi ya milioni 100. Kwa Philips ndoa ile ilizaa gemu chache za Zelda na Mario ambazo mpaka leo huchezwa kwa ajili ya kuchekwa.

Na ile ya manjano? Inatajwa kwamba zilitengenezwa kama 200 za majaribio, kisha zikaharibiwa. Kwa zaidi ya miaka 20 ilibaki hadithi na picha chache za magazetini. Halafu mwaka 2015 kijana mmoja wa Marekani akaitoa darini kwa wazazi wake.

Baba yake alikuwa fundi wa matengenezo katika kampuni ya fedha iitwayo Advanta. Kampuni ilipofilisika, mali zake zikapigwa mnada, naye akanunua shehena ya maboksi kwa dola 75 hivi, mbuzi kwenye gunia. Mashine hii ilikuwamo. Imefikaje kwenye kampuni ya kadi za mikopo? Jina linalotajwa ni Olaf Olafsson, raia wa Iceland aliyeongoza kitengo cha gemu cha Sony Marekani kisha akahamia Advanta. Ajabu ni kwamba bwana huyu ni mwandishi wa riwaya, na sina hakika kama angethubutu kuandika kisa cha namna hii.

Trei ya sidii ilikuwa imekufa. Ben Heckendorn, fundi maarufu wa kuchokonoa mashine za gemu, aliifungua na kuihangaikia mpaka mwaka 2017 diski zikazunguka. Machi 2020 ikapigwa mnada mjini Dallas, na mfanyabiashara Greg McLemore akaichukua kwa dola 360,000.

Diski zinazunguka, sawa, lakini hapakuwa na gemu ya kuweka. Hakuna iliyowahi kutolewa kwa ajili yake. Ilibidi wapenzi waichambue programu ya katriji yake ya kuwashia, waitungie gemu yao ndogo na kuichapa kwenye sidii tupu, ndipo trei iliyotengenezwa kabla ya ugomvi wa Chicago ikapata kitu cha kusoma.