Karatasi ya usalama wa kemikali: ilitoka wapi na kwa nini huchakaa

Majuzi nilipewa kazi ya kuandika programu ya kutunza karatasi za usalama wa kemikali, zile zinazokuja na mapipa ya asidi na sabuni za viwandani. Kufungua faili, nyingine zina sehemu 8, nyingine 16, na kemikali ni ile ile! Ikabidi nichimbe historia.

Mwaka 1983 kanuni ya Marekani iliwataka watengenezaji waandae karatasi kwa kila kemikali hatari. Ilitaja yanayotakiwa kuandikwa, lakini haikulazimisha mpangilio mmoja. Fomu ya serikali ya 1985, ambayo ilikuwa ya hiari, ndiyo yenye sehemu 8.

Katikati hapo, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, gesi ya methili isosayaneti ilivuja kiwandani Bhopal, India. Maelfu walikufa. Madaktari walipokea wagonjwa bila kujua ni gesi gani wala tiba yake. Mwaka 1986 Marekani ikatunga sheria ya kufikisha habari za kemikali kwa wazima moto na kamati za mitaa, zisibaki kiwandani tu.

Sehemu 16 zilienea duniani kupitia mfumo wa Umoja wa Mataifa uliochapishwa 2003. Marekani iliufuata 2012. Kwetu Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inazitaka karatasi hizi.

Sasa tatizo liko wapi? Kanuni ya Marekani humpa mtengenezaji miezi 3 kuongeza habari mpya muhimu, lakini nakala mpya huja na mzigo unaofuata. Usipoagiza tena, huletewi. Waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: data imebadilika kwenye seva, wewe bado unasoma nakala ya zamani.

Programu yangu hukagua namba ya CAS ya kila kemikali. Gesi ya Bhopal ni 624-83-9, na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki: 3×1 + 8×2 + 4×3 + 2×4 + 6×5 = 69, inaishia 9. Kosa la kuchapa hunaswa hapo. Ushauri uliopitwa na wakati haunaswi. Kwa hiyo nimeweka tarehe ya toleo kwenye kila karatasi, na kikumbusho cha kumpigia msambazaji simu na kumuuliza: yenu ni ya lini?