Tengefu

Ukimuuliza mkazi wa Bulwa maana ya hifadhi, atakuonyesha msitu wa Amani, uliotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Shuka na Mto Zigi hadi Tanga uwasikilize wahifadhi wa bahari: wao wana neno la pili, tengefu, nalo nalipenda mno. Limetokana na kutenga. Kwa sheria ya mwaka 1994, ndani ya hifadhi ya bahari, kama ile ya Silikanti ya Tanga (2009), wanakijiji wanaishi na kuvua kwa masharti. Kwenye eneo tengefu, kama Kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani, hata pweza mmoja hachukuliwi.

Tatizo ni kwamba nchi kavu neno hilohilo lilizoeleka vingine: katika Pori Tengefu la Loliondo watu waliishi na kuchunga ng'ombe miaka na miaka. Mvuvi aliyetoka bara ataelewa nini akisoma kibao cha "eneo tengefu"? Nawaomba maofisa wetu waandike chini yake, kwa herufi kubwa zilezile: hapavuliwi.