Gari la spoti likizeeka, bei hushuka lakini gharama hubaki palepale

GARI la spoti lililotumika kwa zaidi ya miaka kumi aghalabu huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya awali. Mfanyakazi wa kawaida, ambaye hangethubutu kuliulizia bei lilipokuwa jipya, hujikuta akilizunguka kwenye yadi huku akipiga hesabu ya mkopo wa Sacco.

Hapo ndipo penye mtego. Bei ya kununua hupungua mwaka baada ya mwaka, ilhali gharama ya kulitunza gari hilo haipungui pamoja nayo. Vipuri, matairi na kazi ya fundi hudai pesa kana kwamba gari lingali jipya.

Kwa nini bei hushuka

Kila gari hupoteza thamani upesi katika miaka ya mwanzo, kisha kasi hiyo hupungua. Hata hivyo, magari ya spoti yana mambo yanayoongeza uzito wa hasara hiyo.

Kwanza, wanunuzi wake ni wachache. Gari lenye milango miwili na buti ndogo haliwezi kubeba familia, wala haliwezi kutumiwa katika biashara. Pili, wapenzi wa magari haya huvutiwa na toleo jipya, na kila toleo linapotoka lile lililotangulia huonekana limechakaa. Tatu, dhamana ya kiwanda inapokwisha, gharama zote za matengenezo humwangukia mwenye gari. Nne, mnunuzi hushuku maisha ambayo gari limepitia: huenda liliendeshwa kwa fujo, likagongwa na kunyoshwa, au injini yake ikachokorwa ili kuongeza nguvu.

Aidha, uvumi kuhusu kasoro moja unaweza kushusha bei ya magari yote ya aina hiyo, yaliyo mazima kwa mabovu.

Mfano wa Porsche na Mazda

Gari la Porsche 911 lilianza kuuzwa mwaka wa 1964 likiwa na injini inayopozwa kwa hewa. Toleo lililojulikana kama 996, lililozinduliwa mwaka wa 1997, ndilo la kwanza kutumia injini inayopozwa kwa maji. Wapenzi wengi wa 911 hawakulipokea vyema. Walilalamikia taa zake za mbele, ambazo zilifanana na za Boxster, gari la bei nafuu la kampuni iyo hiyo.

Kisha likazuka jambo zito zaidi. Katika injini nyingi za 996 na Boxster, beringi inayoshikilia shafti ya kati ilikuwa na uwezekano wa kuvunjika. Beringi hiyo ni kitu kidogo, lakini ikivunjika chembe za chuma husambaa katika oili na injini nzima inaweza kuharibika. Magari mengi hayakupatwa na balaa hilo, lakini hofu ilitosha kuyashusha bei. Kwa muda mrefu toleo la 996 likawa miongoni mwa 911 za bei ya chini kabisa, likipitwa hata na magari yaliyotengenezwa kabla yake.

Ajabu ni kwamba 996 za aina ya Turbo na GT3, ambazo injini zake ni za ukoo mwingine na hazina kasoro hiyo, zilihifadhi thamani vizuri zaidi.

Mazda RX-8, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2003, ina kisa kinachokaribiana na hicho. Injini yake ya lita 1.3 haina pistoni. Ina rota mbili za umbo la pembetatu zinazozunguka ndani ya chumba chake. Ilipozinduliwa ilisifiwa sana, ikatuzwa kuwa injini bora ya mwaka wa 2003 duniani. Lakini sili zilizo kwenye ncha za rota huchakaa, na zikichakaa mgandamizo hupungua na gari hukataa kuwaka, hasa injini ikiwa moto. Isitoshe, injini hiyo imeundwa kuchoma oili kidogo kila inapofanya kazi. Mwenye gari asiyepima oili mara kwa mara huiua injini bila kujua. Utengenezaji wa RX-8 ulikoma mwaka wa 2012.

Hali ilivyo nchini

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika kwa zaidi ya miaka minane, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Kwa hivyo, matoleo kama 996 na RX-8 hayawezi tena kuagizwa kwa njia ya kawaida. Yaliyopo ndiyo yayo hayo. Jambo hili lina pande mbili. Uchache unaweza kulinda bei ya gari lililotunzwa, lakini pia humaanisha kwamba magari ya kukatwa vipuri ni haba.

Anayemiliki gari la kawaida la Toyota hupata kipuri katika maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, siku iyo hiyo. Mwenye gari la spoti la nadra huenda akalazimika kuagiza kutoka Japani au Uingereza, alipe usafiri na ushuru, kisha asubiri wiki kadhaa gari likiwa limeegeshwa.

Barabara nazo zina neno. Gari lililo karibu na ardhi hukwaruzwa na matuta, na matairi yake membamba ya ubavuni hupasuka kwenye mashimo. Fauka ya hayo, injini nyingi zenye tabo zilizotengenezewa soko la Japani zilikusudiwa kutumia petroli ya daraja la juu kuliko ile ya kawaida.

Kuhusu bima, kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari lenye umri mkubwa. Mwenyewe akibaki na bima ya kulinda wengine pekee, ajali au wizi humwachia hasara yote.

Tuchukue hesabu ya kubuni. Gari lililouzwa kwa Sh8 milioni likiwa jipya sasa linauzwa kwa Sh1.2 milioni. Likihitaji klachi, breki na matairi manne kwa jumla ya Sh400,000, gharama hiyo ni asilimia 5 ya bei ya kwanza, lakini ni thuluthi moja ya bei ya sasa. Injini ikifa, kuijenga upya kunaweza kuzidi thamani ya gari zima. Wengi hapo huliacha nyuma ya gereji, huku mkopo ukiendelea kukatwa kwenye mshahara.

Machache hupanda tena

Yapo magari yanayofika chini kisha yakaanza kupanda. Datsun 240Z, iliyouzwa Marekani kwa takriban Dola 3,500 mwaka wa 1970, inakumbukwa nchini kwa kushinda Safari Rally mwaka wa 1971, na tena mwaka wa 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Kwa miaka mingi ilikuwa gari kuukuu la bei ya chini. Mnamo Januari 2020, moja iliyotunzwa vyema iliuzwa mnadani Marekani kwa Dola 310,000.

Hata hivyo, si busara kununua gari kwa matumaini ya namna hiyo. Yanayopanda bei ni yale yenye historia, yaliyobaki katika hali ya kiwandani na yenye kumbukumbu kamili za matengenezo. Ukiona vyaelea, vimeundwa: aghalabu gari la aina hiyo limekula pesa nyingi kwa miaka mingi ya kutunzwa.

Ya kuzingatia kabla ya kununua

Mnunuzi ahakikishe rekodi za gari katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), na aagize stakabadhi za matengenezo badala ya kuridhika na mng'ao wa rangi. Alipeleke gari kwa fundi anayelijua, si fundi wa muuzaji. RX-8 ipimwe mgandamizo kwa kifaa maalum cha injini za rota, kwani kile cha kawaida hakitoshi. Kwa 996 na Boxster, aulize iwapo beringi ya shafti ya kati imewahi kubadilishwa. Kazi hiyo hufaa kufanywa wakati klachi inapobadilishwa, kwa kuwa giaboksi huwa tayari imeshushwa.

Aidha, aulize bei za vipuri vikuu na ada ya bima kabla ya kulipa hata shilingi moja, na atenge akiba ya matengenezo kando na bei ya kununua. Asiyeweza kutenga akiba hiyo atakuwa amemudu kulinunua gari, si kulimiliki. Na ikiwa ndilo gari lake pekee la kumfikisha kazini, heri achague lile ambalo kila fundi mtaani anaweza kulifungua na kulifunga.