Taa mkubwa na mwiba wake

Samaki aitwaye taa wa mkia mfupi ni miongoni mwa taa wakubwa kabisa duniani. Upana wake waweza kupita mita 2 na uzito kufikia kilo 350. Makao yake ni pwani za Australia, New Zealand na kusini mwa Afrika hadi Msumbiji. Pwani ya Kenya ina jamaa zake wa aina nyingine.

Macho yake yako mgongoni ilhali mdomo uko upande wa tumbo, hivyo hakioni anachokula. Vitundu vidogo vilivyo karibu na mdomo huhisi umeme hafifu utokao kwa kaa na viumbe wengine waliojifukia mchangani, naye huwaponda kwa meno bapa.

Jike hatagi mayai. Watoto hukulia tumboni wakilishwa ute mithili ya maziwa, na huzaliwa 6 hadi 10 tu.

Mwiba wa mkiani, wenye makali ya msumeno na sumu, ni wa kujihami wala si wa kuwinda. Hata hivyo, Septemba 4, 2006, mtangazaji Steve Irwin wa Australia alifariki baada ya kuchomwa kifuani na taa akirekodi filamu huko Queensland. Vifo vya namna hiyo ni nadra. Wengi huchomwa mguuni kwa kumkanyaga. Ndiposa aingiaye maji ya kina kifupi aburute nyayo, taa ashtuke na kuondoka mapema. Aliyechomwa mguuni autumbukize katika maji ya moto yanayostahimilika, maana joto hupunguza maumivu, kisha aende hospitalini. Mwiba uliokwama kifuani usichomolewe njiani.