Kompyuta Ilivyofundishwa Kunusa

Mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vya Ulaya vilianza kununua mafuta ya karafuu ili kuyageuza yanukie vanila. Wakemia wa Kijerumani, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walikuwa wameunda vanilini, kemikali inayoipa vanila harufu yake, mwaka 1874 kutokana na utomvu wa misonobari. Baadaye eujenoli, kemikali inayoipa karafuu ya Pemba ukali wake, ikachukua nafasi ya utomvu huo.

Zikichorwa karatasini, eujenoli na vanilini ni ndugu wa karibu: pete ileile, tofauti iko mkiani tu. Lakini hakuna anayenusa pilau akadhani ni aiskrimu ya vanila! Kwa nini? Karvoni, molekuli nyingine yenye harufu, ilizidi kuwachanganya wakemia. Mwaka 1971 ilithibitishwa kwamba sura moja ya molekuli hiyo hunukia nanaa, na ile iliyo kama taswira yake kwenye kioo hunukia kisibiti. Kubuni manukato mapya kukawa kazi ya kuunda, kunusa, kutupa na kuanza upya.

Ugumu ulikuwa pia puani kwenyewe. Jicho huhitaji aina tatu tu za vipokezi kutambua rangi. Pua ina takriban 400. Linda Buck na Richard Axel walitangaza ugunduzi wa jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, wakatunukiwa Nobel mwaka 2004. Miaka miwili baadaye mkemia Charles Sell aliandika kwamba harufu haitabiriki kwa uhakika, na kwa ushahidi wa wakati ule ni vigumu kumlaumu.

Kilichofuata hakikutokana na kuielewa pua. Kompyuta ziliacha kusubiri kanuni, zikajifunza kwa mifano. Mwaka 2015 timu 22 zilishindana kutabiri jinsi watu 49 walivyoeleza harufu za molekuli 476. Kati ya maneno 19 yaliyotumika kuzieleza, manane yalitabirika vizuri, yakiwemo kitunguu saumu na samaki.

Mwaka 2023 watafiti wa Google na kituo cha Monell cha Philadelphia walichapisha matokeo ya programu iliyofunzwa kwa molekuli zipatazo 5,000. Ilipopewa 400 ambazo haijawahi kuziona, kwa zaidi ya nusu ya hizo jibu lake lilikaribia zaidi wastani wa majibu ya jopo la wanusaji 15 kuliko jibu la mnusaji wa kawaida wa jopo hilo. Mmoja wa viongozi wa utafiti huo, Alex Wiltschko, alikuwa ameshaanzisha kampuni ya Osmo, inayobuni molekuli mpya za manukato.

Hata hivyo programu hiyo husoma molekuli mojamoja, wakati mafuta ya waridi pekee yana zaidi ya 300.